Sura ya Tisa: Gari Lililosimama Mapema

Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi, Inspekta Nakhungu alikuwa ameandikisha malalamiko mengi kuhusu magari yaliyokataa kusimama. Mtu kulalamika kwamba gari lake lilisimama upesi mno, hilo lilikuwa geni kwake. Asubuhi hiyo ya Alhamisi aliyasoma malalamiko hayo mara mbili katika kitabu cha matukio cha kituo cha Kitale, kisha akaagiza kikombe cha pili cha chai ili ayasome mara ya tatu.

"Mlalamishi anaamini kwamba breki za gari lake zimechezewa kwa nia ya kumuua," Konstebo Ngari alimsaidia kusoma. Ngari alikuwa mtu wa Embu, mgeni wa miezi minne hapa Kitale, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote kituoni. "Mshukiwa ni Tonny Walubengo, miaka ishirini na minane, fundi wa magari kutoka Bungoma. Yuko ndani tangu jana saa kumi na mbili jioni."

"Kwa hiyo leo saa kumi na mbili tumshtaki au tumwachilie. Ana uhusiano gani na mlalamishi?"

"Anamwoa binti yake, Jepkorir, Madam. Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Hii ya keshokutwa."

Nakhungu akaacha chai. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu myepesi, mzaliwa wa Kamukuywa, na harusi zilizoharibika zilimuudhi kuliko mifugo iliyoibwa. Ng'ombe hulipwa, alizoea kusema, lakini bibi harusi aliyerudishwa nyumbani na gauni lake hana fidia. Akachukua daftari na wakatoka.

Mlalamishi, Mzee Kiptanui, aliwapokea nyumbani kwake Kibomet akiwa amevaa tai, na juu ya tai uso wenye hasira, na juu ya hasira plasta kubwa kwenye paji la uso. Alikuwa ofisa wa kilimo mstaafu. Nyuma yake, chini ya banda la mabati, lilikaa gari lenyewe. Lilikuwa gari la spoti la Kijapani la mwaka 1972, lenye viti viwili na boneti ndefu, rangi yake ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Ngari akalizunguka mara mbili bila kuambiwa.

"Tuanze mwanzo, Mzee," Nakhungu alisema.

"Jana saa mbili asubuhi nilikuwa nateremka kwenda mjini. Pale kwa kanisa, ng'ombe za Mama Gathoni zikaingia barabara. Nikafanya vile mimi hufanya siku zote. Nakanyaga mara ya kwanza kuamsha breki, mara ya pili kuiambia ninataka nini, na mara ya tatu nasimama juu ya pedali na uzito wangu wote."

"Na siku zote gari husimama wapi?"

"Nikianzia kwa kanisa, inasimama kwa kinu cha posho."

"Mita mia moja," Ngari alinong'ona, akiandika.

"Na jana?"

"Jana nilikanyaga ile ya kwanza tu, na gari ikasimama hapo hapo kwa kanisa!" Mzee akagusa plasta. "Kichwa yangu ikapiga usukani. Kibuyu cha mursik kilikuwa nyuma, kikaruka, kikapasukia kwa kioo. Ng'ombe zikasimama zote kuniangalia. Mimi, Kiptanui, nimeoga maziwa mbele ya ng'ombe!"

Ngari akainama ghafla kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa vizuri.

"Nikatazama ndani ya gurudumu, nikaona vyuma sivijui. Inspekta, hii gari ilitoka Japani ikiwa kamili. Niliinunua mwaka wa sabini na tano, na sijawahi ruhusu mtu aweke kitu si yake. Jumanne gari niliiacha hapa, nikashinda kwa foleni ya bohari ya nafaka. Jirani anasema ni mtu mmoja tu aliingia hapa, huyo Tonny, na mfuko wa vyuma. Na anajua makosa yake! Kila akiona mke wangu anatoroka. Mwezi uliopita mama alitokea na chai, kijana akaruka ua akaingia kwa mahindi. Hata kwetu kuna heshima ya wakwe, lakini si ya kuingia kwa mahindi. Mtu wa roho safi anaweza kutoroka chai?"

"Kwa hiyo harusi?"

"Hakuna harusi. Siwezi kumpa muuaji msichana wangu."

Mlango wa jikoni ukafunguka, na Mama Jepkorir, mkewe, akatoka na sinia. Alikuwa mfupi, mtaratibu, mwenye macho mekundu ya mtu aliyelia akanawa uso. Aliwamiminia wageni chai, akampa mumewe kikombe bila kumtazama, kisha akamuuliza Nakhungu swali moja tu.

"Kijana amekula?"

"Amekula mkate, Mama."

"Mkate," alirudia Mama Jepkorir, akarudi ndani.

Nakhungu aliandika swali hilo daftarini. Kisha akaomba gunia, akalitandika chini, akalala chali chini ya gari la mtu na sketi yake ya kazi, huku Ngari akifungua gurudumu la mbele. Walichokiona kiling'aa. Kalipa, kile chuma kinachoibana diski ili gurudumu lisimame, kilikuwa kikubwa kuliko nafasi yake ilivyozoea.

"Ya zamani husukuma kwa pistoni mbili," Ngari alisema. "Hii ina nne. Ni ya pikapu, Madam, zile four-by-four za mizigo." Ghafla macho yakamtoka. "Kule Ndalu! Jumapili mtu aliibiwa kalipa za pikapu yake akiwa kanisani. Taarifa iko kwa OB, kile kitabu chetu cha matukio. Hii ni kesi mbili, mshukiwa mmoja!"

"Pole pole, Ngari. Niangazie hapa."

Kila bolti ya kalipa ilikuwa imetobolewa kichwani, na ndani ya tundu ulipita waya mwembamba uliosokotwa sawasawa mpaka bolti ya pili, ncha zake zikakunjwa ndani zisimchome mtu. Bolti hizo zisingelegea hata gari lingeendeshwa mpaka Lodwar na kurudi. Nakhungu alitambaa hadi magurudumu ya nyuma, akalizungusha la kushoto, akalizungusha la kulia. Yote mawili yalikazwa sawa. Mipira ya kupitisha mafuta ya breki ilikuwa mipya, na hapakuwa na tone lililovuja.

Alipotoka chini ya gari alifungua mlango wa abiria. Zulia la ndani lilitunzwa vizuri kwa umri wake, ila upande huo wa abiria, mahali unapokaa mguu wa kulia, palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Zulia lilikuwa limeliwa mpaka bati likaonekana, na bati lenyewe lilikuwa limelainika. Alilipima kwa penseli yake.

"Nani hukaa kiti hiki, Mzee?"

"Mke wangu. Nani mwingine?"

"Asante. Nimemaliza."

Kule kituoni, Tonny Walubengo aliletwa kutoka mahabusu akishikilia suruali, kwa sababu mkanda ulikuwa umehifadhiwa kwenye kaunta. Alikuwa na mikono mikubwa na adabu nyingi.

"Wewe ndiye ulifunga zile kalipa?" Nakhungu aliuliza.

"Ndiyo, Madam. Jumanne. Saa nne mpaka saa tisa."

"Ulizitoa wapi?"

"Kwa baba yangu, Bungoma. Yeye ndiye alizitengeneza. Mimi nilifunga tu na kutoa hewa kwa paipu."

"Mzee Kiptanui alijua?"

"Hapana."

"Jepkorir?"

"Hapana, haki ya Mungu. Hata yeye hajui mpaka saa hii kwa nini niko ndani."

"Basi nani alikuambia ufanye hiyo kazi?"

Tonny aliangalia meza.

"Kijana, saa kumi na mbili nitakupeleka kwa karatasi ya mashtaka. Harusi itakwisha. Nani alikutuma?"

"Madam, niulize kitu ingine yoyote."

Wakati huohuo mlango wa mbele ulifunguka na sauti ya Mama Jepkorir ikasikika ikimwomba askari wa zamu ruhusa ya kumletea mshukiwa ugali na kuku. Tonny aliruka kama aliyekalia siafu. Akageukia ukuta, akavuta koti likamfunika mpaka kichwani, akabaki hivyo, mtu mzima amesimama kwenye kona kama mwanafunzi mtoro.

"Si unaona!" Ngari alinong'ona. "Hatia hiyo, Madam. Mzee alisema kweli."

Inspekta Nakhungu alikuwa anacheka kimya kimya mpaka mabega yalitikisika. Akaufunga mlango, akamtupia Ngari funguo za Land Rover. "Twende Bungoma."

Walikuwa wamepita Kiminini ndipo alipomweleza. "Ngari, mimi nimezaliwa Kamukuywa. Kaka zangu wanne wameoa. Mwanaume wa Kibukusu hamwangalii mama mkwe usoni. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, na akimwona njiani anampisha hata kama ni kwa matope. Hiyo ndiyo heshima kubwa anaweza kumpa."

"Ata kama ana kikombe ya chai?"

"Hasa akiwa na chai."

Ngari aliendesha mpaka Misikhu. "Sasa kutoroka si hatia," alisema. "Lakini kunyamaza?"

"Hiyo ndiyo tunaendea."

Karakana ya Mzee Walubengo ilikuwa karibu na reli mjini Bungoma, nyuma ya msururu wa baiskeli za boda boda zilizopambwa kwa vioo na maua ya plastiki. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye ovaroli iliyopigwa pasi. Ovaroli iliyopigwa pasi Nakhungu hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Kalibu, Inspekta. Kijana wangu anakula?"

"Leo kila mtu ananiuliza hilo. Anakula kuku. Mzee, zile kalipa zilitoka wapi?"

Walubengo aliwaongoza nyuma ya karakana, ambapo pikapu iliyogongwa ilikaa juu ya mawe, bila magurudumu ya mbele na bila kalipa. Kutu ilikuwa imefunika chuma chote isipokuwa sehemu mbili zilizong'aa, moja kila upande, pale kalipa zilipokuwa zimekaa. Ngari alipima nafasi ya matundu ya bolti, akalinganisha na vipimo alivyochukua Kibomet, akapima tena kwa matumaini. Vililingana kabisa.

"Hii pikapu iko hapa tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Muulize mtu yeyote wa leri," alisema Walubengo. "Nirisafisha hizo karipa wiki mbili. Pistoni zote nirizitoa, mpira zote nirizibadilisha. Hiyo gari ya Mzee ni mbio sana, rakini breki yake ni ya zamani, na imechoka. Hizi zinaingia kwa matundu yale yale, unachonga kidogo tu. Nirimwambia Tonny asisahau kurekebisha ya nyuma, maanake ukiongeza nguvu mbele peke yake, umeharibu gari ya mtu."

Ngari alifunga kipimio chake kwa huzuni. Kesi ya Ndalu ilibaki Ndalu.

"Na huu waya?" Nakhungu aliuliza.

Uso wa mzee ulichanua. "Mimi nirikuwa fita, fundi wa mashine, miaka ishirini na sita Webuye, kwa kiwanda ya karatasi. Ile mashine inatetemeka mchana na usiku. Bolti bila waya inatembea yenyewe. Hata kitanda yangu nyumbani nimefunga waya."

"Na zile kalipa za zamani?"

"Nirifunga na grisi kwa gunia, Tonny akazirudisha jana kwa mwenye kazi. Fundi hatupi kitu ya mtu."

"Mwenye kazi ni nani?"

Walubengo akatabasamu, akatazama reli. "Inspekta, wewe ni binti wa kwetu. Huyo mtu arizungumza na mke wangu kwa simu, wanawake kwa wanawake. Mimi jina yake siwezi kurisema mbele ya polisi. Tunaenda kuwa bakhwe, watu wa kuoleana."

"Nimekusikia, Baba," alisema Nakhungu. Furaha ilimjaa kifuani, furaha ile ya kazi ambayo mshahara hauifikii. "Umenijibu vizuri sana."

Saa kumi na moja kasorobo walikuwa tena Kibomet. Kiptanui alisimama kando ya gari lake, mikono nyuma, akingoja kusikia habari za muuaji.

"Mzee," Nakhungu alianza, "mtu akitaka kukuua kwa breki, anazilegeza. Hawezi kuzikaza. Na huyu amekaza za mbele na za nyuma, kushoto na kulia sawasawa, ili gari lisizunguke nawe. Kila bolti amefunga waya. Kalipa hazikuibwa, nimeona zilikotoka. Huyo ni mtu aliyeogopa usife."

"Nani alimwambia mimi nitakufa?"

"Kwanza nikuulize. Kama ungeambiwa breki zako zimechoka, ungekubali zibadilishwe?"

"Hapana!"

"Uliwahi kuambiwa?"

Mzee akarekebisha tai yake. Nakhungu akafungua mlango wa abiria, akaonyesha lile tundu la zulia.

"Sakafu hii imekanyagwa mpaka bati. Hakuna pedali upande huu. Kuna mguu mmoja tu wa kulia, umekanyaga hapa kila gari likiteremka, miaka mingi. Mguu wenyewe uliniuliza kama mshukiwa amekula, na ukampelekea kuku kituoni. Tonny hawezi kuutaja, maanake kwao mama mkwe hatajwi ovyo mbele za watu. Alikubali kufungwa kuliko kumtaja. Nawe ukaona anatoroka, ukadhani ni hatia."

Mama Jepkorir alikuwa ameshatoka jikoni. Alikuwa amebeba gunia dogo lenye grisi, zito, na aliliweka miguuni pa mumewe. Ndani mlikuwa na kalipa mbili za zamani, safi kuliko zilivyokuwa siku zilipotolewa.

"Ni mimi," alisema. "Nilipigia mama yake Tonny simu. Nilikuwa nikuambie jana, ukarudi na polisi kabla sijafungua mdomo. Miaka thelathini na moja, Baba Jepkorir, nimekanyaga breki upande wangu, na upande wangu hakuna breki. Nimezoea. Lakini Jumamosi unampeleka msichana wangu kanisani na hii gari, mteremko wote ule. Sitaki aende kuolewa akikanyaga sakafu."

Mzee Kiptanui aliliangalia tundu. Aliinama, akaingiza vidole vyake, akaligusa bati lililolainika. Alikuwa ameendesha kando ya mguu huo tangu mwaka wa sabini na tano na hakuwahi kuutazama.

"Kwa nini hukuniambia ulikuwa unaogopa?"

"Nilikuambia mwaka wa sabini na sita. Ukasema ni mwendo wa gari ya spoti."

Aibu ilimpanda mzee mpaka masikioni. Nakhungu akatazama saa. Saa kumi na moja na robo.

"Jaribu mara moja," alisema. "Keti na mama. Kanyaga polepole, kidole gumba tu, kama unakanyaga yai hutaki lipasuke."

Gari la manjano liliteremka likinguruma. Lilipofika kwa kanisa taa za nyuma ziliwaka, na likasimama taratibu, limenyooka, bila kelele na bila maziwa. Ngari, aliyekimbia nyuma yake na kipimio, alihesabu hatua kumi na mbili akaanza kupiga makofi peke yake barabarani. Kisha wote walisikia kitu ambacho majirani wa Kibomet hawakukisikia kwa muda mrefu. Mama Jepkorir alikuwa anacheka kwa sauti, na mumewe alikuwa anamwuliza, "Turudie?" Walirudia mara nne.

Saa kumi na moja na dakika arobaini Kiptanui aliegesha gari nje ya kituo, mbali kabisa na mlango. "Wewe kaa hapa, usishuke," alimwambia mkewe. "Utamrudisha kijana kwa ukuta, na mimi namtaka hapa." Akaingia peke yake, tai imenyooka.

Tonny alikuwa amesimama mbele ya kaunta na mkanda wake mkononi. Hakujua kama anaachiliwa au anahamishwa. Ngari alifungua kitabu cha matukio, akaanza kuandika kwa ule mwandiko wake mzuri.

"Mlalamishi anaondoa malalamiko. Sababu, Mzee?"

"Andika breki zilikuwa mbaya. Andika huyu aliona, na kwa heshima hakuweza kuniambia, akazitengeneza."

Ngari aliandika, akasoma kwa sauti: "*Mshukiwa aliona breki ni mbaya, na kwa heshima...*"

"Ngoja. Hapo umeandika mshukiwa. Futa."

"OB haifutwi, Mzee. Neno likikosewa unalipiga mstari mmoja, unaandika jipya juu yake, na mwenye taarifa anatia sahihi kando."

"Piga mstari."

Ngari akapiga mstari kwa rula. "Niandike nani?"

Mzee Kiptanui alimgeukia Tonny. Alimtazama kutoka viatu visivyo na kamba mpaka usoni, na Tonny akatazama chini.

"Andika mkwe wangu."

Hata askari wa zamu aliacha kutafuna.

"Lakini harusi ni Jumamosi," alisema Ngari, ambaye alipenda kumbukumbu sahihi. "Kwa leo, ukifuata sheria, bado si..."

"Konstebo," Inspekta Nakhungu alisema, "andika vile mlalamishi amesema."

Ngari akaandika. Mzee alichukua kalamu, akavaa miwani, akatia sahihi kando ya maneno hayo mawili, jina lake lote refu mpaka la babu. Kisha akaiweka kalamu chini na kunyoosha mkono, na Tonny akaupokea kwa mikono yote miwili.